Wanayoambiwa Wachora Ramani wa Kigoma

Kijana akifungua ofisi ya kuchora ramani za nyumba pale Mwanga au Gungu, ushauri humfikia kabla ya mteja wa kwanza. Mwingine unatoka kwenye semina za ujasiriamali, mwingine kwa wenzake waliomtangulia, na mwingine kwa watu ambao hawajawahi kuuza hata mchoro wa choo. Wote unahusu jinsi ya kuwavuta wateja wazuri. Nimeusikiliza vya kutosha, na sehemu kubwa yake ukiileta Kigoma haisimami.

“Mteja mzuri ni mwenye pesa nyingi.”

Wanaosema hivi huwa na watu maalumu akilini: wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa, na siku hizi wageni wanaoletwa na ujenzi wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, ambayo mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Pesa wanayo, sibishi. Ila mtu wa mkataba anapanga, hajengi. Mashirika yaliyofuata wakimbizi wa Kongo na Burundi hupanua ofisi na kuzifunga kadiri kambi zinavyojaa na kupungua. Anayejenga Kigoma ni wa Kigoma, yupo au ameondoka: mwalimu mwenye mkopo wa benki, mwenye shamba la michikichi, mama wa dagaa, kijana wa Kariakoo anayewajengea wazazi.

Mwangalie huyo mama wa dagaa, kwa sababu wengi humwita mteja msumbufu. Pesa yake inafuata mwezi. Wavuvi wa taa hutoka gizani, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala, na wiki hizo hata ukimpigia simu mara kumi hana cha kukupa. Mwaka 2024 yakaongezeka mengine: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zilikubaliana kupumzisha ziwa, na uvuvi ukafungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Tazama miezi hiyo. Ni kiangazi, ndipo tofali huchomwa, misingi huchimbwa na mafundi wote wako saiti. Kwa hiyo mtu wa ziwani anakaukiwa pesa katika majira yaleyale ya kujenga. Mchoraji anayefungua daftari la madeni mwezi Juni atalalamika. Anayeijua kalenda hii humwita Februari na Machi, mvua inaponyesha na saiti zimelala, akamchorea kwa malipo ya vipande: kianzio siku ya kupima kiwanja, cha pili mchoro wa awali ukikubalika, cha mwisho kabla ya kukabidhi michoro ya kibali, tarehe zote zikiangukia baada ya giza. Mama huyohuyo anageuka mlipaji mzuri kuliko mtumishi mwenye mshahara uliokwisha katwa na benki tatu.

“Mjue mteja wako: umri, kipato, anachopenda.”

Hili ni la kwenye vitabu vya masoko. Huku mteja mara nyingi ni familia nzima. Anayetuma pesa yuko Dar es Salaam au Muscat, kiwanja kiko Ujiji kwa jina la baba aliyekwisha kufariki, shangazi ndiye atakayeishi humo, na binamu ndiye msimamizi. Ukimfurahisha mtuma pesa kwa jiko la ndani lililoungana na sebule, shangazi atapika uani vilevile, kwa mkaa, maana harufu ya dagaa na mawese hataki iingie kwenye makochi. Waliojenga nyumba za zamani za Ujiji walilijua jambo hili, wakaweka baraza mbele, ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na shughuli zote za jiko zikabaki uani. Sisemi tuendelee kujenga vile. Nasema aliyetaka kujua wateja wake angeanza na uani.

Maswali yenye faida ni matatu. Kiwanja ni cha nani kwenye karatasi? Nani atalala humo? Na nani akisema “hapana” mchoro unarudiwa? Anayeshindwa kuyajibu hajawa mteja bado. Andika namba yake, mwambie kwa upole arudi kikao cha familia kikiisha, na usishike kalamu hata akikubembeleza.

“Mteja hakataliwi.”

Katika yote, hili ndilo lenye madhara makubwa, na ziwa lenyewe limelijibu zaidi ya mara moja. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, upande wa Kalemie. Katika miaka ya 1870 mlango huo ulikuwa umeziba, ziwa likapanda, kisha kizuizi kikabomoka na maji yakashuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Mgeni anayekwenda leo pale Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871, hushangaa kuona ufuko uko mbali na hapo. Ardhi iliyoachwa na maji ikazoeleka kuwa ardhi ya watu. Maji yakapanda sana mwaka 1964. Yakapanda tena 2020 na 2021, na mwaka 2024 yakaingia kwenye makazi na masoko ya pwani zote za ziwa. Kibirizi na Katonga waliyaona, Uvira na Kalemie waliyaona, na Gatumba ya Burundi watu walihama.

Sasa anakuja bwana mmoja na kiwanja cha ufukweni alichouziwa kwa karatasi ya mkono, anataka ghorofa inayotazama maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukimchorea utalipwa, naam. Kisha ama atakwama manispaa kwenye kibali, ama atajenga kimyakimya na kuyangoja maji. Katika mji ambao watu wa Bangwe wanajua nani kachora nini Buzebazeba, nyumba iliyoingiwa na maji haibaki na jina la mwenyewe peke yake.

Hizo mita 60 nazo zina mtihani: zinaanzia wapi? Ufuko wa 2024 haukuwa ule wa miaka kumi nyuma. Mchoraji makini hupima kutoka alama ya juu kabisa iliyoachwa na maji kwenye kuta na miti, hata kama siku ya kupima ziwa limerudi nyuma na mchanga umekauka. Akimwonyesha mteja alama hiyo, akamtajia kifungu, na akakubali kwenda naye kutazama kiwanja cha mlimani, mara nyingine hampotezi. Na akimpoteza, mwenye kiwanja jirani atauliza kwa nini kazi ilikataliwa, na jibu litamfikia likiwa na jina la ofisi.

“Weka picha mtandaoni kila siku, watakuja wenyewe.”

Weka, si dhambi. Ila picha zinazozunguka kwenye simu zetu nyingi ni za programu za kompyuta: bwawa la kuogelea, nyasi za kijani, na paa la kuficha, lile ambalo ukuta umepandishwa kulizunguka ili bati lisionekane. Kwa mvua zinazoanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, gata za paa hilo zikiziba kwa majani ya mwembe maji huteremkia darini. Kuna na hili la jua. Sisi tuko mashariki ya ziwa, kwa hiyo dirisha kubwa linalotazama maji ndilo linaloangalia machweo, na sebule ya vioo saa kumi jioni haikaliki bila baraza pana mbele yake. Aliyevutwa na picha ya namna hiyo atakulaumu kwa joto ulilomuuzia. Msingi wa mawe uliopanda ngazi kwenye mteremko wa Mwanga hauna urembo, lakini ukiuweka pamoja na gharama yake utamleta mtu mwenye mteremko kama ule, na huyo mnaanza kuzungumza kazi siku ileile.

“Chora ya kwanza bure, na bei usiitaje mapema.”

Hili halina maneno mengi. Mchoro wa bure huishia mkononi mwa fundi na humwoni mtu tena. Toza ada ndogo ya kwenda kiwanjani na kupima, itangaze wazi, na uikate kwenye malipo ya mwisho kazi ikiendelea. Anayegoma kulipia nauli na futi kamba hatalipia ramani.

“Mafundi wanatuharibia soko.”

Ni kweli nyumba nyingi Kigoma huanza kwa fundi, na wengine hawajawahi kuhitaji karatasi. Lakini fundi ndiye wa kwanza kuambiwa kwamba mtu anataka kujenga, wakati mwingine kabla ya mke. Kugombana naye ni kujifungia nje. Kinachomchukiza ni michoro isiyosomeka akiwa juu ya jukwaa: maandishi madogo, vipimo vya milimita, na idadi ya tofali iliyotolewa kwenye majedwali ya tofali za saruji za inchi 6, ilhali yeye anajengea tofali za kuchoma ambazo kila tanuri lina ukubwa wake. Pima tofali za tanuri atakalotumia, hesabu kwa hizo, andika futi pembeni ya mita, na renta na ngazi uzichore kwenye karatasi yake peke yake. Fundi aliyeepushwa aibu ya kuishiwa tofali katikati ya boma atakuletea mwenye nyumba mwingine, naye anakuja ameshaambiwa bei.

Swali la muhuri wa mbunifu aliyesajiliwa nalo litakuja, na mteja anayeuliza hivyo ni wa kumshika. Sheria Na. 4 ya mwaka 2010 imeweka Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na asiyesajiliwa hana haki ya kujiita mbunifu majengo, hata bango lake likiwa na taa. Kama wewe ni mchoraji tu, mwambie hivyo, mtajie mtaalamu aliyesajiliwa unayefanya naye kazi, na ada yake iandike kwenye mstari wake. Michoro ikishapita manispaa, toa nakala mbili, moja ya mwenye nyumba na moja ya fundi, na ya fundi itie kwenye nailoni ngumu, maana mvua za Novemba hazingoji boma lipauliwe.