Kabla ya Kulaumu Macho, Tuangalie Kiwambo

Wahenga walisema macho hayana pazia. Wangaliingia katika chumba chetu cha tarakilishi, wangalisita. Humo pazia lipo! Maandishi yana ukungu, na msomaji hukunja uso kama aliyelamba ndimu. Akikosea kusoma, huambiwa eti ni mvivu. Jamani, kabla ya kulaumu macho, si tuangalie kiwambo kwanza?

Kiwambo bapa kimejaa nukta ziitwazo pikseli, na idadi yake haibadiliki. Kiwambo cha nukta 1366 kwa 768 kikipewa picha ya 1024 kwa 768, hulazimika kuinyoosha. Basi herufi huvimba, kingo zikafifia. Dawa ni kuingia katika mipangilio na kuchagua kipimo cha kiwambo chenyewe.

Tena, kila pikseli ina vijinukta vitatu: chekundu, kijani na buluu. Mwaka 1998 kampuni ya Microsoft ilitangaza ufundi wa ClearType, unaotumia vijinukta hivyo kulainisha kingo za herufi. Katika Windows XP ya mwaka 2001, ufundi huo ulikuwa umezimwa mpaka mtu auwashe. Hata katika Windows za sasa, mtumiaji anaweza kuurekebisha ulingane na macho yake.

Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna sababu zaidi ya kujali. Ritifaa ni alama ndogo mno. Ikimezwa na ukungu, "ng'oa" ya kung'oa magugu husomeka "ngoa", yaani wivu au tamaa! Aina ya herufi nayo ina neno lake. Katika Arial, I kubwa na l ndogo zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Verdana, iliyotolewa mwaka 1996 kwa ajili ya viwambo, imezitofautisha.

Wengine watasema tungoje mashine mpya. La hasha! Haya yote hayahitaji hata senti moja. Wala sisemi hakuna anayehitaji miwani, anayehitaji apimwe. Lakini tusimvishe mtu miwani ilhali kipofu ni kiwambo.

Kwa hivyo, wanachama wenzangu, napendekeza tumwombe mwalimu wetu ruhusa, tukague mashine moja baada ya nyingine. Haba na haba hujaza kibaba. Nanyi walimu wetu wapendwa, mwanafunzi akisita kusoma, tafadhali sogeeni mtazame anachokitazama.