Iliki, hondohondo na bili ya maji ya Tanga

Muulize kijana wa Dar kuhusu wanyama wa Tanzania. Atakutajia Serengeti, Ngorongoro, na Mikumi kwa kuwa basi la Iringa linakatiza humo. Kwetu wanyama ni simba na tembo, na kuwaangalia ni kazi ya wazungu wenye kofia pana. Kutembea kwa miguu mashambani na msituni ili uone ndege tu? Hiyo tunaiita kukosa kazi.

Basi mimi nilikosa kazi siku mbili, mwezi Februari, katika milima ya Usambara Mashariki, kule Amani juu ya Muheza. Kiangazi ni wakati mzuri wa kutembea huko. Njia ni kavu, jua linachoma kwenye chai, halafu ukiingia chini ya miti unatamani sweta.

Chai ndiyo inayopigwa picha, lakini ndani yake ni kimya. Kwa karibu saa nzima niliona mbayuwayu tu, wakipita chini chini kukamata wadudu kabla ya safari yao ya kurudi Ulaya. Makelele yalianza tulipofika kwenye mashamba ya wanakijiji: migomba, mihogo, mdalasini, na miti mirefu iliyoachwa hapa na pale. Hondohondo walikuwa wakiruka juu yetu, mbawa zikivuma kama mtu anayekung'uta mkeka. Msituni tukawakuta mbega, na chini kwenye majani makavu sange, kanyama kenye pua ndefu kama mrija. Kalitusikia, kakatoweka.

Kwenye miamba yenye unyevu kuna kiua cha zambarau ambacho afisa mmoja Mjerumani alikituma kwao mwishoni mwa karne ya 19. Leo kinapamba madirisha ya nyumba duniani kote, na Wajerumani bado wanakiita kwa jina la Usambara. Sisi wenye Usambara hatuna habari nacho.

Sasa iliki. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mkulima hufyeka chini na kuacha miti mikubwa. Mpita njia ataapa kwamba ni msitu. Lakini miche ya kurithi ile miti mizee haipo, na baada ya miaka kadhaa udongo huchoka. Ndiyo maana serikali ililifunga eneo la Derema, linalounganisha misitu ya Amani na ile ya kaskazini yake, na wakulima wakaacha iliki zao kwa fidia. Fidia yenyewe ilichukua miaka kukamilika.

Naunga mkono kufungwa kwa Derema. Msitu uliokatwa vipande vipande hufa polepole hata ukiwa na askari kila kona. Ila sikubaliani na hesabu iliyotumika. Mto Zigi unatoka milima hiyo, na ndio unaonywesha jiji la Tanga. Mwenye bomba Tanga amefaidika. Mimi mwenye darubini nimefaidika. Aliyeng'oa iliki zake alilipwa kwa zao lile, akaambiwa kwaheri, wakati maji yanaendelea kutiririka kila siku.

Napendekeza sehemu ya bili za maji za Tanga ipande mlimani kila mwaka, kwenye vijiji vinavyopakana na msitu. Fidia ya mara moja huisha kwa bati na ada za shule. Walikuwapo wanakijiji waliofuga vipepeo na kuuza pupa zao nje kwa maonyesho. Nimependa kwamba biashara hiyo iliuhitaji msitu, lakini haikuweza kubeba kila mtu.

Na tuache kuimba kwamba msitu ukiachwa peke yake utajiponya. Kuna mti unaoitwa Maesopsis, wa asili ya upande wa Uganda na Ziwa Victoria, uliopandwa Amani na sasa umeenea hadi ndani ya msitu. Anayesambaza mbegu zake ni huyo huyo hondohondo tunayemshangilia. Kuupunguza kunahitaji watu wenye mapanga wanaoijua miti kwa majina, na watu hao wanaishi pale pale, wengine ndio waliokuwa na iliki Derema.