Watoto wajue hesabu ya bahati kabla ya mkeka

Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Kenya na Tanzania zimeweka miaka 18. Umri unatofautiana, lakini nchi zote tatu zinafanya kana kwamba siku ya kuzaliwa humfundisha kijana hesabu ya bahati.

Kwa miaka mingi mada ya uwezekano imefundishwa kidato cha tatu nchini Kenya na cha nne nchini Tanzania. Kufikia hapo mtoto amekwisha kupita mara nyingi mbele ya mashine ya kutumbukiza sarafu, na amesikia wakubwa wakidai kwamba aliyekosa mara tano zamu yake imekaribia. Wengi hawafiki kidato hicho kabisa.

Somo hili linaweza kuanza darasa la pili. Mfuko wa kitambaa na vizibo vya soda vinatosha. Mwalimu atie vizibo vitatu vyekundu na kimoja cha kijani, kisha aulize: kipi kitatoka? Kila mtoto achomoe kimoja bila kuchungulia, akirudishe, na rangi iandikwe ubaoni. Baada ya mara 40 vyekundu kwa kawaida vitakuwa vimezidi sana, ila si lazima viwe 30 kamili. Hapo ndipo penye somo lenyewe.

Kisha sarafu. Ikiangukia picha mara tano mfululizo, mara ya sita bado ni nusu kwa nusu, kwa sababu sarafu haina kumbukumbu. Watoto watabisha. Waachwe wabishe, warushe, wahesabu.

Aliyezoea hivyo ataweza kuukokotoa mkeka akifika la saba. Kama kila mechi ina nafasi ya nusu, kupatia mechi mbili ni nafasi moja kati ya nne, tatu ni moja kati ya nane, na kumi ni moja kati ya 1,024. Kampuni za kubeti zinaijua hesabu hiyo vizuri, na hupanga malipo yao zibaki na faida.

Wapo wazazi na viongozi wa dini watakaoshtuka wakisikia dadu zimeingia darasani. Hofu yao ina msingi, basi dadu zibaki nje; vizibo havina dau wala mshindi.

Kenya na Tanzania zimefumua mitaala yao katika miaka ya karibuni. Wizara za elimu za Jumuiya zikikutana, zianze na vipindi viwili tu kwa muhula, na walimu wapewe mwongozo wa Kiswahili wa kurasa chache.