Saa Zilizopotea Zirudishwe Atelyeni

NENO LA JUMA
Na Kavira Masika

Chuo kinachomrudisha mwanafunzi nyumbani kwa ajili ya minervali, yaani ada ya masomo, kisha kikamwandikia kwamba hakuhudhuria, kinamwadhibu mara mbili kwa kosa lisilo lake. Jambo hili linafanyika Butembo na Beni, na wazazi wamelizoea hata hawalalamiki tena. Kijana anatolewa darasani Jumatatu. Anarudi baada ya majuma mawili, mama yake akiisha kupata zamu yake ya likelemba, mchezo wa kuchangiana fedha. Mwisho wa mwaka anaambiwa amekosa masomo mno, hawezi kupita mbele ya juri ya mtihani.

Elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure, ndivyo Katiba ya Kongo inavyosema katika ibara ya 43, na tangu Septemba 2019 tumeanza kuiona ahadi hiyo ikitekelezwa. Mafunzo ya ufundi hayamo humo. Useremala, sudire (kuchomelea vyuma), ushonaji, ukanika, vyote analipa mzazi. Na mzazi wa upande wa Beni analipa kwa nini? Mara nyingi kwa kakao. Sasa tazameni mambo yanavyofuatana. Msimu wa kuvuna ukifika, ndipo waasi wa ADF wanapowavizia watu mashambani, na tangu mauaji yaanze Oktoba 2014 kuna familia zilizoacha kakao ikiozea mtini kuliko kwenda kufa. Bila kakao hakuna minervali. Bila minervali kijana anarudishwa. Anayelipia vita hivi katika daftari la mahudhurio ni mtoto wa miaka kumi na saba.

Wapo pia wanaokosa kwa sababu mji wenyewe umefungwa. Aprili 2021, siku za «ville morte» zilipofuatana na wanafunzi wa Beni wakaenda kukaa kwenye ofisi ya meya kudai mauaji yakome, nani angeweza kufika atelyeni, kwenye karakana ya chuo? Kabla ya hapo ilikuwa Ebola, kuanzia 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020. Aliyemgusa mgonjwa alifuatiliwa na waganga siku 21, akiombwa asisafiri. Kijana aliyetii aliwalinda wenzake wote. Kumhesabia siku hizo kama utoro ni kumfundisha kwamba safari nyingine ajifiche.

Sisemi mahudhurio yalegezwe. Hapa niko pamoja na walimu wakali. Masomo ya nadharia unaweza kunakili kwa mwenzako jioni, lakini mkono wa sudire haunakiliwi. Anayekosa saa za atelye akapewa cheti kwa huruma atakuja kutengeneza paa la kanisa, atafunga breki za gari linaloshuka Butembo kwenda Beni, kilomita zaidi ya hamsini, limejaa watu. Huruma ya namna hiyo inaua. Kwa hiyo swali langu kwa vyuo ni hili: saa zilizopotea mnazirudisha lini?

Daftari liandike sababu: minervali, usalama, ugonjwa, au hakuja tu. Anayekosa kwa kupenda, sheria ya ndani imkute, na imkute mapema, si siku ya juri. Wengine wote wadaiwe saa, wasifutwe majina. Atelye hulala bure alasiri za Jumamosi na likizo nzima. Zifunguliwe, na Wasabato wapewe Jumapili. Najua mwalimu naye anataka kula, na wengi wanaishi kwa michango ya wazazi. Milango, madirisha na madawati yanayotengenezwa katika saa hizo yauzwe, sehemu imlipe mwalimu, sehemu ipunguze deni la mwanafunzi. Kijana anayejua kupiga randa anaweza kulipa minervali kwa randa.

Kuna pia waliokuja kutoka kusini. Kanyabayonga ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, familia zilikimbilia Lubero na hata Butembo, na vijana wao wakaingia vyuoni bila karatasi yoyote. Hao wapimwe kwa kazi: mpe mbao, mpe kipimo, mtazame.

Mzazi mwenzangu, mtoto akirudishwa nyumbani, kesho yake nenda naye chuoni, hata kama huna faranga mkononi. Omba sababu iandikwe mbele ya jina lake, na uulize saa zake atazifanya siku gani. Nanyi wakuu wa vyuo, kabla ya kuita juri ya mwaka huu, fungueni daftari na mfute kila siku ambayo ninyi wenyewe mlimwambia mwanafunzi atoke.