KADI MLANGONI: TUANZE NA MEZA KUU



Mei 2, 2024 Boris Johnson, Waziri Mkuu mstaafu wa Uingereza, alikwenda kupiga kura akarudishwa. Hakuwa na kitambulisho chenye picha. Sheria inayodai kitambulisho hicho ilipitishwa mwaka 2022, yeye mwenyewe akiwa madarakani! Ikabidi akakilete ndipo apige.

Tusimcheke sana. Sisi wenyewe tuliazimia kwamba asiye na kadi iliyolipiwa ada haingii kikaoni, na waliopiga makofi zaidi ni wajumbe wa kamati. Kikao kilichopita mama lishe mmoja kutoka machimbo ya Itumbi alizuiwa mlangoni, nauli ya bodaboda ikaenda bure. Jana nimefungua leja: wajumbe wanne wa kamati wanadaiwa ada, na siku ile walipita bila kuulizwa. Hapo na mimi nimekosea.

Sasa napigiwa simu niwaandikie risiti ya tarehe ya nyuma. Hapana. Risiti naandika siku fedha inapoingia. Yule mama mbona hakuandikiwa?

Jumamosi saa 4 asubuhi nitakuwa mlangoni na daftari. Naanza na meza kuu.

Katibu wa Tawi, Chunya