Eti Aljebra Si Kazi ya Mwanaprogramu?

Nimechoka na wimbo huu jamani. Kila wanaprogramu wakikutana, hakosi mmoja wa kudai kwamba aljebra ya monoidi na ringi iondolewe katika masomo ya tarakilishi, eti haina kazi. Wewe unayesema hivyo, hebu nikuulize: ukizidisha vitu viwili ambavyo si sifuri, waweza kupata sifuri? Usijibu haraka.

Monoidi unakutana nazo kila siku bila hata kuzisalimu. Ni mkusanyiko wa vitu vinavyounganishwa viwili viwili, mabano ukiyahamisha jibu ni lile lile, na kimo kimoja kisichobadilisha chochote. Mitungo ya herufi ni monoidi. Mtungo mtupu ndio usiobadilisha chochote. Saa ya ukutani pia ni monoidi: saa 9 ukiongeza saa 5 unapata saa 2, nayo 12 haibadilishi kitu.

Haya, bandika nambari kamili mbele ya vitu vya monoidi, kisha vijumlishe. Ukizidisha, nambari huzidishwa na nambari, vitu huunganishwa na vitu. Umejenga ringi! Ukianzia na 0, 1, 2, 3 na kuendelea, zikiunganishwa kwa kujumlisha, unapata polinomia zile zile za shule ya upili.

Kwa polinomia, jibu la swali langu ni la. Kipeo kikubwa cha moja hukutana na kipeo kikubwa cha nyingine, na hakuna kingine cha kukifuta. Lakini kwenye saa hakuna kikubwa, kwa kuwa inazunguka. Acha x iwe hatua ya saa moja, hivyo x¹² = 1. Zidisha (1 − x) na (1 + x + x² + … + x¹¹). Unapata 1 − x¹², yaani sifuri.

Usiniambie huo ni mchezo wa ubaoni. Tuseme unahifadhi joto la kila saa katika orodha ya nafasi 12 inayozunguka, na kwa ubahili wa diski unaweka tofauti tu kati ya kila saa na iliyotangulia. Huko ndiko kuzidisha kwa (1 − x). Joto likikaa 18 mzunguko mzima, unahifadhi sifuri tupu. Likikaa 30, sifuri tupu vile vile. Data imekwenda, na hakuna programu ya kuirudisha, hata ukikesha.

Na wale wanaodhani mambo haya yalizikwa zamani? Tasnifu ya Graham Higman ya 1940 ilizaa dhana kuhusu ringi za makundi, yaani monoidi ambazo kila hatua yaweza kurudishwa nyuma. Ilisema kwamba kundi lisipokuwa na mizunguko kama ya saa, vitu vya ringi yake vyenye kinyume cha kuzidisha ni vile vya kipande kimoja tu. Mwaka 2021 Giles Gardam aliivunja kwa mfano wa vipande 21. Aliupata kwa msaada wa programu ya kutatua mafumbo ya mantiki ya ndiyo na la. Programu, bwana!

Swali langu la sifuri, kwa makundi hayo yasiyo na mizunguko, bado halina jibu la jumla. Kama una hoja, ilete.