Acheni Kununua Leza kwa Sababu ya TikTok

Nitasema na mtakaonuna mnune: kijana wa Ukunda anayetaka kutengeneza mabango, na ana pesa ya mashine moja tu, anunue ruta ya CNC. Leza baadaye.

Najua leza inavutia. Video ya sekunde 15, mwanga unapita, jina linatokea, moshi kidogo, ishapata laiki kibao. Ruta haina mvuto huo. Inapiga kelele na inamwaga vumbi la mbao hadi kwa jirani. Lakini tunatafuta laiki ama tunatafuta pesa ya kodi?

Fanya hivi. Panda tuktuk pale Ukunda, ushukie barabara ya Diani, kisha utembee ukielekea Galu. Usiangalie bahari, angalia mageti. Kotiji, mikahawa, shule za kupiga mbizi. Yale mabango ya pesa nzuri mengi ni ubao mnene wenye herufi zilizochimbwa, na yanakaa nje mwaka mzima: jua, mvua ya masika, upepo wa chumvi. Haya niambie, ni lipi kati ya hayo litaingia kwenye leza ya mezani ya sentimita 40 kwa 40?

Hili linaniuma kwa sababu limetokea nyumbani. Binamu yangu alinunua leza kwa mkopo wa chama cha mamake. Mama mtu anauza mahamri, ndiye aliyemdhamini. Kazi ya kwanza kubwa ikaja: bango la geti, futi sita, ubao wa mvule. Mashine yake haiwezi. Akavuka feri Likoni kumpa kazi fundi mwenye ruta Mombasa, na faida yote ikabaki kule. Kazi ya pili mteja alitaka akriliki isiyo na rangi. Leza ikapita juu yake mara kumi, hakuna hata mkwaruzo.

Aliyemuuzia hakumwambia kwamba zile leza za bei ya chini ni za dayodi ya mwanga wa buluu. Mwanga huo unapita ndani ya akriliki angavu kama jua linavyopita dirishani. Inayokata akriliki vizuri, hadi ukingo unang'aa, ni leza ya bomba lenye gesi ya kaboni dayoksaidi. Hiyo ni bei nyingine, inataka kupozwa kwa maji muda wote ikifanya kazi, na bomba lenyewe huchakaa hata ukilitunza.

Kisha akajaribu ile bodi nyeupe nyepesi ya PVC ambayo kila mtu wa mabango anayo. Hapo sasa si hasara ya pesa tu. PVC ikichomwa na leza hutoa gesi ya asidi ya klorini. Inakula vyuma vya mashine na inakula mapafu yako. Jamaa alikohoa siku mbili, na reli za mashine zikashika kutu. Tafadhali, hata kama hukubaliani na lolote hapa, shika hilo moja: PVC haiingii kwenye leza.

Ruta haichomi, inachonga. Ubao mnene, plaiwudi, MDF, akriliki, hiyo PVC, hata zile paneli za alumini zenye plastiki katikati zinazowekwa mbele ya maduka, zote inakata. Biti ikivunjika unabadilisha biti, hufungi duka. Ukiweka biti ya ncha ya V, inachimba herufi ndani ya ubao, halafu wale wazee wetu wanaochora mabango kwa brashi wanajaza rangi. Kazi inabaki mtaani na kila mtu anakula.

Sitawadanganya, ruta ina shida zake. Kona za ndani inaziacha na mviringo, kwa sababu biti ni duara. Herufi ndogo sana zinaishinda. Inataka barakoa, vibanio imara na nafasi. Ukipata hoteli inayotaka vibao vya funguo, namba za meza na menyu za mbao 50, leza itakuosha wewe na ruta yako mchana kweupe. Na stima ikikatika, zote mbili zinalala.

Lakini hoteli moja haikuanzishii maisha. Kabla hujamwambia mamako aweke jina lake kwenye mkopo, tafuta wateja watatu wa kweli kuanzia Diani hadi Msambweni, uwaulize kitu kimoja: bango litakaa wapi? Kwetu jibu karibu kila mara ni nje.

Na wewe mwenye leza uliyekasirika, nionyeshe bango moja la geti ulilolikata nayo, lililomaliza masika mawili. Nitaomba msamaha hapa hapa.